Jinsi ya kununua tairi nzuri za gari Dar kwa bei inayoeleweka bila kupigwa: mwongozo kamili

Wadau, tairi ndio kitu pekee cha gari kinachogusa barabara, na kila moja inagusa kwa kipande kidogo tu, kama kiganja cha mtu mzima hivi. Breki iwe nzuri namna gani, hivyo viganja vinne visiposhika lami ikiwa imelowa gari haisimami. Ndio maana inaniuma sana nikiona mtu kafunga redio ya laki kadhaa huku tairi za mbele vipara, au kaenda Kariakoo asubuhi karudi jioni na tairi nne anaziita mpya kumbe zina miaka sita toka zitoke kiwandani.

Ninachotaka mtu atoke nacho hapa ni hiki: tairi hainunuliwi kwa jina la kampuni wala kwa maneno ya winga (dalali wa mtaani), inanunuliwa kwa maandishi ya ubavuni, na unayasoma mwenyewe kwa macho yako kwa kila tairi, moja baada ya nyingine, hata kama muuzaji ni jirani yako unayeswali naye. Zamani tulikuwa na kiwanda cha General Tyre pale Arusha, kilisimamisha uzalishaji 2009, sasa hivi tairi zinazouzwa madukani zinatoka nje, zinasafiri kwenye kontena, zinakaa bandarini, zinakaa stoo, na wewe mteja huna njia nyingine ya kujua historia yake zaidi ya hayo maandishi.

HATUA YA 1: Kwanza zisome zile ulizonazo

Kabla hujatoa hela yoyote chuchumaa uangalie tairi za zamani zimeisha vipi, maana zinakwambia gari lina ugonjwa gani. Zikiwa zimeisha katikati pande zimebaki, upepo ulikuwa umezidi. Zikiisha pande zote mbili katikati imebaki, upepo ulikuwa mdogo. Zikiisha upande mmoja tu, mara nyingi wa ndani, hapo alaimenti (mpangilio wa magurudumu) imekaa vibaya au kuna bushi, boljointi au taerodi imechoka. Na ukipitisha mkono juu ya tairi ukasikia mabonde mabonde, angalia shokapu. Rekebisha hivyo vitu KABLA ya kuweka tairi mpya, la sivyo utaweka tairi za laki nane na baada ya miezi michache ziko vilevile, halafu lawama anapewa muuza tairi.

Kujua kama kweli zimeisha: kwenye mifereji ya kashata (ile michoro ya mpira inayogusa barabara) kuna vijitofali vidogo vya mpira vimelala chini, na pembeni ubavuni juu kuna alama ya TWI au kipembetatu kinachokuonyesha vilipo. Kashata ikishuka mpaka ikawa sawa na hivyo vijitofali maana yake imebaki milimita 1.6, hapo imekwisha. Tairi mpya ya gari dogo huwa na kama milimita 7 au 8. Binafsi nashauri mtu asisubiri mpaka 1.6, ikifika 3 anza kutafuta, hasa kama masika inakaribia, kwa sababu kazi ya mifereji ni kutoa maji chini ya tairi, na mfereji ukiwa mfupi maji yanabaki katikati ya tairi na lami, gari linaelea, usukani unakuwa mwepesi ghafla na wewe hapo huna la kufanya.

Ngapi ununue? Nne ndio vizuri. Kama hela haitoshi nunua mbili, za ekseli moja, zinazofanana saizi na kashata. Usinunue moja moja ukachanganya kushoto aina hii kulia aina ile. Na ukinunua mbili, zile mpya ziende NYUMA hata kama gari linavuta mbele. Najua mafundi wengi watakubishia hapa, watakwambia mpya mbele ndio zinabeba usukani, lakini kampuni za tairi zenyewe zinashauri nyuma, sababu mbele ikiteleza dereva anasikia kwenye usukani anaachia mafuta, nyuma ikiteleza kwenye maji gari linageuka lote na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha.

Wenye magari yanayovuta tairi zote muda wote kama Forester, nyie nunueni nne kwa pamoja. Tairi mpya na iliyochakaa zinatofautiana mzunguko, na tofauti hiyo inachosha mfumo wa kugawa nguvu, ambao gharama yake inazidi tairi nne mara kadhaa.

HATUA YA 2: Jua saizi yako, usimwachie mtu

Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo kuna stika yenye saizi ya tairi na upepo. Hiyo ndio ya kufuata kwanza, kuliko kusoma tairi iliyopo kwenye gari, kwa sababu tairi iliyopo inawezekana mwenye gari wa mwanzo aliweka anachojua yeye. Usitegemee pia kwamba jirani ana gari kama lako basi mko sawa, gari jina moja linaweza kuwa limetoka na rimu 14 au 15 kutegemea na toleo.

Tuchukue 195/65R15 91H, saizi ambayo iko kwenye Premio nyingi na Noah nyingi. 195 ni upana kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu, yani asilimia 65 ya huo upana. R ni radial, aina ya muundo wa tairi, karibu zote za magari madogo siku hizi ziko hivyo. 15 ni rimu kwa inchi. 91 ni uzito ambao tairi moja inabeba, 91 ni kilo 615. H ni spidi ya juu, kilomita 210 kwa saa.

Hapo kwenye 91 ndipo wengi wanaliwa. Mtu anaangalia 195/65R15 zikilingana anaridhika, kumbe moja imeandikwa 91 na nyingine namba ya chini. Namba chache kuzijua: 82 ni kilo 475, 88 ni 560, 91 ni 615, 95 ni 690. Usishuke chini ya iliyoandikwa kwenye gari, kupanda ruksa. Herufi ya spidi nayo hivyohivyo, S ni 180, T ni 190, H ni 210, V ni 240, na usije ukasema mimi siendi 180 kwa hiyo haijalishi, ile herufi inahusu pia tairi inavyohimili joto, na lami ya huku saa nane mchana mwezi wa pili mnaijua.

Wenye Hiace na vigari vya mizigo tafadhali sana: chukueni tairi zenye herufi C au LT, zile zenye namba mbili za uzito mfano 106/104, zimetengenezwa kwa mzigo. Nimeona Hiace ya abiria imefungwa tairi za teksi kwa sababu saizi inakaribiana na bei iko chini. Ile ikibasti ikiwa imejaa watu barabara ya Morogoro ni msiba.

Kuhusu kunyanyua gari kwa tairi kubwa, nitapita haraka. Ukitoka 195/65R15 kwenda 205/65R15 mzunguko unaongezeka kama asilimia 2, hiyo inavumilika. Ukienda 215/65R15 unaongeza asilimia 4, hapo spidi mita inakudanganya (inasoma ndogo kuliko unayokwenda) na ukikata kona mpaka mwisho inaweza kugusa madigadi. Baki na saizi ya gari.

HATUA YA 3: Mwaka wa tairi

Hii ndio hatua ya kukaa nayo.

Tafuta ubavuni maneno DOT, yakifuatiwa na herufi na namba, na mwishoni kuna namba nne, mara nyingi ziko kwenye kaduara kenye umbo la yai. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 3524 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2024, yani mwisho wa mwezi wa nane. Ukiona namba tatu tu badala ya nne, hiyo ni ya kabla ya mwaka 2000, iache hapo hapo ilipo.

Zile namba nne mara nyingi zinakuwa upande mmoja tu wa tairi. Upande wa pili utaona DOT inaishia njiani. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii haijaandikwa mwaka bosi, za Ulaya haziandikwagi", mwambie ageuze. Kama amegeuza na bado huoni, au unaona pamekwanguliwa pamekuwa na makovu makovu ya msasa, ondoka, hata kama bei ni ya kutupa.

Mpira unazeeka hata ukiwa umekaa tu. Joto, jua na hewa vinaukausha, mafuta yaliyomo kwenye mpira yanatoka, unakuwa mgumu, unapasuka nyufa ndogondogo za kama nywele. Michelin kwa mfano wanasema tairi ikishafika miaka mitano ya matumizi ikaguliwe na mtaalamu kila mwaka, na ikifika miaka 10 toka itengenezwe iondolewe hata kama bado ina kashata, na baadhi ya watengeneza magari wanasema miaka 6. Hayo wameandika wakifikiria dunia nzima. Tairi iliyokaa Dar imepangwa nje ya duka inapigwa na jua kuanzia asubuhi mpaka jioni mimi siihesabu sawa na iliyokaa stoo yenye kivuli.

Kipimo changu ni hiki: chini ya mwaka mmoja, lipa bei yake. Kati ya mwaka mmoja na miwili, chukua lakini omba ipungue na usione aibu kutaja sababu. Miaka mitatu kwenda juu sinunui kama mpya, kwa sababu nimenunua umri na umri umeshaliwa.

Na soma ZOTE NNE. Kuna jirani yangu ana Noah, alionyeshwa tairi moja dukani, mpya kabisa, ya mwaka uleule, akalipa, nyingine tatu zikaletwa kutoka stoo zikafungwa yuko pembeni anaongea na simu. Kufika nyumbani tukachuchumaa na tochi: mbili za mwaka ule, mbili zina miaka minne. Kurudi dukani ikawa kelele tu, maana zimeshafungwa na zimeshatembea. Ile ya maonyesho ni ya maonyesho, wewe unaondoka na zile za stoo.

HATUA YA 4: Kampuni gani?

Kila mtu ana yake. Nitagawa kwa mtazamo wangu makundi matatu. Juu kabisa kuna Michelin, Bridgestone, Continental, Pirelli, Goodyear, Yokohama, Dunlop. Katikati naweka Hankook, Kumho, Nexen za Korea, Maxxis ya Taiwan, Toyo na Falken za Japani, Apollo na CEAT za India. Chini yake kuna za China, na hapa msiwe na dharau, kuna za China zenye kiwanda kinachoeleweka kama Linglong, Triangle, Sailun, na kuna majina ambayo huwezi kuyapata popote zaidi ya kwenye hilo duka moja. Hizo za pili ndizo za kukwepa.

Pia msishtuke kuona Bridgestone imeandikwa Thailand au Indonesia mkadhani ni feki, hizi kampuni zina viwanda nchi nyingi. Na kuna majina ya bei ya chini kidogo ambayo yako chini ya kampuni kubwa: Firestone iko chini ya Bridgestone, Kleber na BFGoodrich ziko Michelin, General Tire iko Continental. Hapo ndipo nafuu nzuri inapojificha, unalipa pungufu ya jina kubwa na unapata kazi ya watu walewale.

Ubavuni kuna vitu vingine vitatu vya kusoma, kama tairi inavyo. "Treadwear" na namba, mfano 200 au 400, kadiri inavyopanda ndio inachelewa kuisha (linganisha ndani ya kampuni moja, maana kila kampuni inajipimia yenyewe). "Traction" ni kushika breki kwenye lami iliyolowa, AA ndio bora, halafu A, B, C. Na "Temperature" A, B, C, kuhimili joto. Kwa mazingira yetu na safari ndefu za Dodoma na Mbeya mimi nataka A kwenye joto, B ikizidi sana, C hapana.

Kuhusu bei hesabu kwa kilomita. Tuchukue namba za kuhesabia tu: tairi moja ni 120,000 na inatembea kilomita 25,000, nyingine ni 190,000 na inatembea 50,000. Nne za kwanza ni 480,000, lakini mpaka ufike kilomita 50,000 umenunua mara mbili, 960,000. Nne za pili ni 760,000 basi. Ile ya bei chee imekula laki mbili zaidi, bado hujahesabu kufunga mara mbili na siku uliyopoteza. Ila kama gari unaliuza miezi sita ijayo au linatoka tu kwenda kanisani na sokoni, hesabu inabadilika, huna haja ya tairi ya kilomita 50,000 itakayozeeka kabla haijaisha.

HATUA YA 5: Mitumba

Nitasema wazi, mimi sipendi mtu aweke mtumba kwenye gari linalobeba familia. Lakini najua hali, kuna siku tairi imekufa na mfukoni kuna elfu hamsini, kwa hiyo ukilazimika fanya hivi.

Angalia mwaka kama nilivyosema. Halafu angalia kama imechongwa: kuna watu wanachukua kipara wanachonga kashata upya kwa kisu cha moto halafu wanapaka dawa nyeusi inang'aa. Utaijua kwa kupitisha kidole ndani ya mfereji, utakuta vile vijitofali vya TWI havipo maana kisu kimepita juu yake, kina cha mfereji hakilingani huku na kule, na ukimulika na tochi ya simu chini ya mfereji unaona nyuzi au waya. Tairi ya hivyo haifai hata kwa spea.

Ingiza mkono ndani, zungusha wote. Kiraka ubavuni, kataa. Mstari wa mpira uliosagika kuzunguka ubavu kwa ndani kama unga unga, kataa, hiyo ilitembezwa bila upepo na nyuzi zake zimeshakatika hata kama nje inapendeza. Nundu popote, kataa.

Halafu hizi za Japani za msimu wa theluji. Zina neno "STUDLESS" ubavuni au alama ya mlima wenye kinyota cha theluji, na kashata zake zimekatwa vimistari vidogo vingi vya kupinda pinda. Zinakuja kama mitumba na zinakuja pia kwenye magari yenyewe yanayoshuka bandarini, mtu anafurahi gari limekuja na tairi nene. Mpira wake ni laini umetengenezwa kwa baridi kali, kwenye joto letu unaisha mapema na kwenye breki za ghafla gari linasogea. Kama gari lako limekuja nazo, panga kuzibadilisha kabla hujaanza safari za mkoani.

HATUA YA 6: Kutafuta bei

Usianze na gari. Andika saizi kamili kwenye karatasi, pamoja na ile namba ya uzito na herufi, pigia simu maduka matatu au manne, mawakala wakubwa na ya kawaida, uliza maswali yaleyale kwa kila mmoja: kampuni gani, nchi gani, namba nne za DOT ni ngapi, bei ikiwa na risiti, na je kufunga na balansi (kusawazisha uzito wa gurudumu) vimo. Anayekwambia "we njoo tu tutaongea" mweke mwisho wa orodha.

Halafu Kariakoo upande wa Gerezani nenda kwa mwendokasi, shuka kituo cha Gerezani utembee kwa miguu. Huna presha ya paking, na muuzaji hakuoni umekuja na gari lenye pancha linalosubiri, anajua unaweza kuondoka. Mawinga watakufuata, wengine ni vijana waungwana tu wanatafuta riziki, lakini elewa kwamba winga hana duka, cha kwake kinaongezwa juu ya bei yako. Mwambie kwa adabu "ahsante mdogo wangu, kuna duka naelekea", ingia dukani mwenyewe.

Mazungumzo yanakuwa hivi:

– Boss, 195/65R15, 91H, hii ya Thailand bei gani?
– Hiyo laki na themanini, nakupa kwa moja sabini na tano.
– Nachukua nne, nataka risiti ya EFD, na mnanifungia na balansi na valvu mpya. Nipe bei ya mwisho ya jumla.

Kuomba bei ya jumla ndio siri, kwa sababu ukivutana kwenye bei ya tairi moja atakushushia elfu tano halafu atairudisha kwenye kufunga, kwenye valvu na kwenye balansi. Ukishapata jumla, nyamaza kidogo, mtaje mwenzake uliyempigia, muulize kama anaweza kufika hapo. Akifika sawa, asipofika mshukuru uende, mara nyingi utaitwa kabla hujavuka barabara.

Wengine watakupa bei mbili, ya risiti na isiyo na risiti. Chukua ya risiti. Tairi ikitoa nundu baada ya wiki tatu bila risiti huna kesi. Omba pia waandike kampuni, saizi na zile namba nne. Ukiuziwa feki, pa kulalamika ni Tume ya Ushindani (FCC) au TBS, na huko watakuuliza risiti.

Za kwenye kurasa za mtandaoni: muombe akupigie picha ya DOT ya kila tairi, siyo picha ya katalogi, na usitume hela ya kushikiza kwa mtu ambaye hujaona duka lake. Kagua kwanza ndio ulipe.

HATUA YA 7: Kufunga

Simama hapohapo, usiende kula. Kabla ya kufungwa soma tena tairi nne, na angalia kama zina mshale wenye neno "ROTATION", mshale unafuata gari linapokwenda mbele. Kama zina "OUTSIDE" na "INSIDE", OUTSIDE inatazama nje. Nimeona zimefungwa kinyume na duka lenye jina, kwa hiyo usiseme mafundi wanajua.

Mpya nyingi zina doa la rangi ya njano ubavuni, hapo ndipo tairi ni nyepesi, mwambie fundi doa lilingane na valvu, itapunguza vyuma vya balansi. Valvu za mpira wekeni mpya, ni hela ndogo sana, na ikivuja utahangaika wiki nzima ukidhani ni pancha. Na kama rimu ni nzima kataa mtu kukuwekea tyubu ndani ya tairi ya tyubulesi, ikitobolewa na msumari inatoa upepo wote mara moja badala ya kupungua taratibu.

Upepo ufuate stika ya mlango. Magari ya Japani yameandika kPa: 220 ni psi 32, 230 ni psi 33. Ile namba iliyo ubavuni mwa tairi, 44 au 51, ni kikomo cha juu, siyo ya kujaza, na huku mtaani ukikaa kimya utajaziwa 40 gari lirukeruke barabara nzima ya Goba.

Nati zikazwe kwa kuvuka, siyo kwa kuzunguka, na wamalizie kwa spana ya mkono badala ya kuiachia mashine ya upepo peke yake. Kisha alaimenti. Wakikupa karatasi ya vipimo vya kabla na baada, itunze.

Zile za zamani uliza unalipwa ngapi, maana zina thamani: wanakata mikanda ya kufungia mizigo, mafundi wanatengeneza katambuga. Lakini kama ni vipara kabisa mimi naomba wazikate ubavu mbele yangu, ili zisije zikachongwa zikarudi barabarani kwenye gari la mtu mwingine.

Baada ya hapo

Kilomita mia tatu za mwanzo endesha kwa utulivu, tairi mpya ina utelezi wa dawa ya kuitoa kwenye kalibu kiwandani mpaka iishe juu. Ukishatembea kama kilomita 50 mpaka 100 kagua nati tena. Upepo pima asubuhi kabla gari halijatembea, mara mbili kwa mwezi na kabla ya safari ndefu, ukipima likiwa la moto inasoma juu utapunguza bure. Kila kilomita 10,000 hamisha za mbele ziende nyuma na za nyuma mbele, na ukipiga shimo zito mpaka ukasikia rimu imegonga, shuka uangalie ubavu wa ndani pia, nundu nyingi zinatokea upande ambao dereva haoni.

Na fungua buti uvute ile spea. Inaweza kuwa ndiyo ileile iliyokuja na gari kutoka Japani, haijawahi kuguswa, kashata zote zipo. Isome zile namba nne na uipime upepo leo, usisubiri usiku ukiwa Chalinze.